Uzi Niliolegeza Makusudi

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: mimi ni mpiga fidla mzuri, au ni mpiga fidla pekee ambaye watu wa mtaa wetu hapa Machakos wamewahi kumwona? Okestra moja ya Nairobi ilikuwa imeniita kwa majaribio Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimeandika ujumbe wa kujitoa mara tatu, nikaufuta mara tatu.

Shida ni makofi. Kanisani kwetu kila mtu hupigiwa makofi. Mtoto akisahau shairi lake, makofi. Kwaya ikianza wimbo juu mno na sauti zikakatika, makofi na vigelegele. Mtu aliyesomea muziki miaka minne atajipima vipi hapo? Nilichoka. Jumapili nikafanya jambo la aibu: kabla ya kuitwa mbele, nililegeza uzi mmoja wa fidla makusudi, kisha nikapiga kipande changu cha majaribio hivyohivyo, kimepinda. Nilitaka mtu mmoja tu akunje uso.

Walisimama wote. Mwenyekiti wa kwaya akanyakua maikrofoni. "Huyo ni wetu! Nairobi wajipange!" Mama yangu, safu ya pili, alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Jioni nikamkuta Mama jikoni akichambua maharagwe ya kuchanganya na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

"Mwiitu," akasema bila kuinua macho, akiniita binti kwa Kikamba chetu, "leo hiyo kitu yako ilikuwa mgonjwa?"

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inalia vibaya. Ile sauti ya chini. Mimi nakusikia kila siku kwa huu ukuta. Unadhani haya masikio ni ya kuvalia herini tu?"

"Na mbona ulipiga makofi, Mwaitu?" nikamuuliza mama yangu.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Sasa ningekaa tu, na wewe umesimama huko mbele na hiyo shida peke yako?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Muda wote huo nilikuwa nikitafuta sikio, kumbe lilikuwa upande wa pili wa ukuta, linachambua maharagwe. Nikaleta fidla, nikakaza uzi, nikapiga palepale jikoni.

"Hiyo sawa," akasema. "Lakini hapo katikati unakimbia. Kila siku unakimbia. Ni nani anakufukuza?"

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa ameandika jambo hilohilo kwenye karatasi yangu ya mtihani wa mwisho, ila kwa maneno marefu zaidi.

Wiki hiyo yote Mama alinisimamisha palepale katikati. "Rudia." Nikarudia hadi nikachukia harufu ya maharagwe. Ujumbe wa kujitoa sikuuandika mara ya nne. Jumamosi alfajiri nilibeba fidla yangu nikaenda Nairobi, na jina langu lilipoitwa nikaingia, nikapima nyuzi zote nne, uzi mmoja mmoja, nikiwaacha wale majaji wasubiri, kisha nikaanza kupiga.