Kutu ya Mzee Othmar

Mzee Othmar wa Kihagara alipoanza kuibania pumzi yake, watu walidhani ameingiwa na maringo. Alipita sokoni taratibu kama bibi harusi, salamu akiitikia kwa kichwa. Na huyu ndiye aliyekuwa akipuliza lipenga, tarumbeta la kibuyu, kwenye ngoma ya mganda mpaka mbwa wanahama mtaa!

Chanzo ni mchuuzi mmoja wa Mbamba Bay, mwenye kipaza sauti na maneno mengi kuliko bidhaa. "Kila ukihema," alitangaza, "mwilini zinazaliwa chembe huru, zinakutafuna kama kutu inavyokula bati! Kinga ni vidonge hivi!" Violet, bintiye Othmar, alikuwa hapo akiuza usipa, dagaa wa ziwani. Alinunua vidonge, na alipofika nyumbani akamnyang'anya baba yake jembe, ndoo na lipenga.

"Baba, wewe tulia tu."

Othmar alitii. Baba yake mzazi alilala kitandani miaka mingi, na aliyekuwa akimgeuza na kumwogesha ni Othmar mwenyewe. Kifo hakikumtisha. Kilichomtisha ni Violet kuja kumgeuza yeye.

Basi akatulia kwelikweli. Vidonge alimeza maradufu, maana aliona dawa haiwezi kuzidi. Mpunga ulipandwa na kuvunwa bila yeye, na asubuhi moja akashindwa kuinuka kwenye kigoda mpaka Violet alipomshika kwapa. Mzee alilia, wala hakujificha.

Wakaenda Liuli kwa tabibu, Dada Scholastica.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Akampima presha, akamsikiliza moyo, akambonyezabonyeza mapaja. "Moyo uko salama. Miguu ndiyo imelala. Nani amekukataza kutembea?"

"Kutu," akajibu Othmar.

Scholastica alicheka, kisha akamwona Violet alivyokunja uso, akaacha. "Si uongo mtupu. Misuli ikifanya kazi, chembe hizo huongezeka. Ila ndizo zinazouchokoza mwili uamke, ujitengenezee walinzi wake. Vidonge vikizidi, vinaweza kuwanyamazisha wachokozi kabla walinzi hawajaamka. Kula mboga na matunda, babu, na utembee. Anza kidogo kidogo."

Walipofika nyumbani, Violet aliingia ndani akatoka na jembe, akaliegemeza ukutani karibu na baba yake. Othmar alimwonea huruma, maana mtoto alikuwa amempenda tu.

Alianza kwa kwenda ziwani na kurudi. Akahamia kwenye kupalilia mihogo. Mganda ulipochezwa tena, alisimama mstari wa nyuma kabisa, shati jeupe, lipenga mdomoni.

Katikati ya ngoma aliinama ghafla, mikono magotini, akihema kwa nguvu. Violet aliwapita wachezaji mbio, akamshika kwapa.

Othmar aliuondoa mkono ule polepole.

"Niache niheme, mwanangu."