Kijiti cha Kupimia Tundu la Laptopu

Mwone kwanza Mama Tshiala anavyoingia sokoni Kamina saa tano asubuhi, mbiombio, kijiti cha nyasi mkononi. Mama wa kwetu akienda kununua viatu, hupima mguu wa mtoto kwa kijiti, mtoto akabaki nyumbani. Tshiala amepima tundu la laptopu, maana ameiacha parokiani ikichajiwa. Saa nane atahojiwa kwa video kwa kazi ya uuguzi kule Lubumbashi. Mtandao wa simu umekufa tangu juzi, na intaneti ya parokia ni ya waya tu, ambao hauingii kwenye laptopu yake bila adapta.

Papa Fadhili, muuza simu, alimwekea adapta mbili mezani. Kijiti kikalingana na zote mbili.

"Mama, tundu haiko mguu," Fadhili akacheka. "Hii ya mupya inaomba kwanza programu ya kushusha kwa internet."

"Internet njo ile miye natafuta, papa."

"Basi kamata hii ya zamani. Inajuana na machine palepale. Ila waya yake inalegea, utaishikilia na mukono."

"Mpaka wamalize kuniuliza?"

"Mpaka wamalize."

Tshiala akaichukua, akairudisha, akatazama saa, akaichukua tena. Wale watu watamwona usoni, mkono mmoja umebana waya chini ya meza, naye anatakiwa kujibu kwa utulivu kama muuguzi. Wewe unayenisikiliza, ungeondoka nayo?