Ami yangu na boya la bata

Sijamwambia mtu yeyote: leo nimemdharau ami yangu.

Tuko kwenye meli ya matembezi, familia nzima. Imejaa wanafunzi wa vyuo wa Kizungu walio likizoni. Bia, muziki, nguo kama hazipo.

Toka tupande Muscat, ami anamwambia baba: "Unawaona? Huko kwao ndiko unakotaka kumpeleka mwanao asome?"

Na baba hanipeleki popote mpaka kaka yake aridhie. Ndivyo tulivyo kwetu.

Basi leo mama kanituma nikamwite ami tuswali laasiri.

Nimemkuta bwawani. Kofia kichwani, boya la bata kiunoni, anacheza katikati ya wasichana wale wale. Na kucheza kwenyewe hajui.

Huyo ndiye anayenifundisha kuona haya.

Mnanijua, mimi si msemaji. Nikasema tu: "Ami, unangojwa kuswali."

Uso ukamshuka. "Mwanangu… hicho chuo chako kinaanza lini?"

Kwenye chakula akamwambia baba, "Mtoto ana akili huyu. Mwache akasome."

Hata kunitazama hakunitazama.

Chekeni, lakini yaishie humu humu kundini. Ami akisikia nimesema, atageuza neno, na mimi sisomi.