Pole ya Sikujua

Kijijini Usevya mtu akijikwaa hupewa pole na kila aliyemwona, na hata na asiyemwona bali kasikia kishindo tu. Hakuna anayeuliza jiwe liliwekwa na nani. Kidole ni cha mwenye kidole, pole ni ya wote. Sikujua binti Stanslaus alikulia humo, na pole hiyo ndiyo iliyomponza.

Jina lake lisikuchekeshe. Mama yake, Eufrazia, alishtukia ana mimba ya miezi mitano, na padri alipouliza mtoto aitwe nani, akajibu ukweli wake: Sikujua. Baba, mzee Stanslaus, ni mkulima wa mpunga. Ekari zake tatu ziliwalisha na kuwasomesha mpaka kilipoingia kimyanga, ule ugonjwa unaogeuza majani ya mpunga kuwa manjano na kuacha masuke matupu. Sikujua alikuwa chuoni Morogoro. Aliporudi likizo, mzee akampeleka shambani.

"Wewe ndiye umesoma," akamwambia. "Katutafutie dawa ya hiki kitu."

Basi, tangu siku hiyo hakuwa na maisha mengine. Aliomba ufadhili mara tatu akakosa, mara ya nne akapata: London, mwaka mmoja wa shahada ya uzamili, na akifanya vizuri maabara, miaka mitatu mingine ya udaktari juu ya kimyanga chenyewe.

London ilimpokea kimya. Wiki ya kwanza alipiga hodi kwa majirani awasalimie, kama mgeni mwenye adabu. Aliyefungua alikuwa mmoja, naye akadhani anauziwa kitu. Kwenye ngazi akawa anawauliza watu wamelalaje. Wakazoea kusubiri apite kwanza ndipo watoke. Baridi aliizoea, mkate wao aliuzoea, hata treni za chini ya ardhi alizijua kuliko baadhi ya wenyeji. Ila siku alipomwona mama mmoja kaangusha trei ya mayai barabarani, na watu wanapita pembeni kama wanaruka dimbwi, alishindwa. "Sori!" akamwambia, akiinama kumsaidia. "Sori sana!" Yule mama akaangalia mayai, akamwangalia yeye, akauliza kama ndiye aliyemgonga.

Shuleni Usevya walifundishwa kwamba pole kwa Kiingereza ni sori. Mwalimu hakufika mahali pa kusema kwamba na samahani pia ni sori.

Jumatatu moja ya Februari, friza kubwa la maabara lilikutwa limezimika. Ndani mlikuwa na sampuli za mwanafunzi mmoja wa udaktari, dada wa hapo hapo London, ambaye siku ya kwanza alikuwa amempa Sikujua meza iliyo karibu na dirisha. Kazi ya miaka miwili ilikuwa imeyeyuka ikawa uji. Yule dada alikaa sakafuni analia, na wenzake wanamtazama kutoka mlangoni wakiwa na vikombe vyao vya kahawa mkononi. Kwao sijui jambo hilo wanaliitaje. Kwetu huo ni msiba. Sikujua akaenda akaketi naye chini, akamshika mkono.

"Sori," akamwambia. "Sori sana, dada yangu. Sori."

Akairudia kama inavyorudiwa msibani, mpaka yule dada akautoa mkono wake taratibu.

"Kumbe ni wewe?" akauliza.

Jumamosi Sikujua alikuwa ameingia maabara, kweli. Na wengine sita waliingia pia. Lakini aliyesema sori alikuwa yeye peke yake.

Wakamwita mbele ya kamati: watu watatu na jagi la maji.

"Ulimwomba msamaha?"

"Hapana. Nilimpa pole."

"Ulitumia neno gani?"

"Sori."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Sasa mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini? Kwani si wewe uliyelizima?"

Akawaeleza. Kwetu, akasema, pole ni neno moja na samahani ni jingine. Aliyeumia unampa pole. Uliyemuumiza unamwomba samahani. Aliyekuwa akiandika aliacha kuandika. Kwenye taarifa yao wakaweka kwamba alikiri, kisha akabadilisha maelezo. Akaondolewa maabara uchunguzi ukiendelea, tasnifu yake akaiandikia maktaba, juu ya mpunga uliopimwa na wengine, na ile nafasi ya udaktari akapewa mtu mwingine.

Juni fundi umeme alikuta soketi iliyoungua ndani ya ukuta. Sikujua akaandikiwa barua pepe ya mistari miwili kwamba suala limefungwa. Watu wale wale ambao ukiwakanyaga wewe, wao ndio wanaosema sori, hiyo moja tu hawakuweza kumwandikia! Siku moja alipanda lifti na yule dada, na yule dada akatazama namba za ghorofa mpaka chini. Hilo lilimuuma kuliko kamati.

Tangu Februari alikuwa ameanza kujifunga ulimi. Mtu akianguka kwenye ngazi za stesheni, anamwinua kimya, anaenda zake. Mwanzoni alilazimika kuuma meno. Baadaye hata neno lenyewe likaacha kuja. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikamwandikia kumpongeza kwa jinsi alivyozoea mazingira.

Alirudi Oktoba, akaishia Mpanda mjini, mtaa wa Misunkumilo, kwa mama yake mdogo, akisingizia kutafuta kazi. Hakuwa na uso wa kwenda Usevya mikono mitupu. Machi, mama yake akapiga simu.

"Njoo, mwanangu. Kimyanga kimemaliza lote."

Alimkuta baba yake amesimama kwenye tuta la jaruba, gumboti zimejaa tope. Ekari zote tatu zilikuwa manjano. Mzee alikuwa amezeeka, na Sikujua akaona aibu kwamba ndiyo kwanza anaona. Ngusa, jirani yao Msukuma, alikuwa anapita na ng'ombe wake ng'ambo ya mfereji.

"Pole mzee Stanslaus!" akapaza sauti. "Poleni sana nyie!"

"Tumeshapoa, Ngusa."

Ng'ombe wakapita. Mzee hakuuliza habari za London, wala dawa. Aling'oa shina moja la mpunga, akalipangusa mizizi, akalishika tu, akisubiri. Sikujua alijua anasubiri nini. Ni neno ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angekuwa ameshalisema. Akalitafuta, asilipate.

"Na wewe je, mwanangu?" mzee akasema.

Akafungua kinywa.

"Samahani, baba."

Mzee akageuka, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Samahani ya nini tena? Kwani wewe ndiye uliyekileta?"

London alipoulizwa swali kama hilo, alikuwa na jibu. Hapa alinyoosha mkono, akalipokea lile shina.