Pweza wa Ukutani na Kambale wa Mke Wangu

Nilipopewa darasa langu la kwanza katika shule ya misheni, pale Kasongo, nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na kaptula nyeupe na kalamu mfukoni. Jambo la kwanza nililofanya nyumbani ni kumkataza mke wangu kuuza samaki. Alizaliwa Nyangwe, na tangu utoto alikuwa akibeba kambale wazima kutoka mtoni hadi sokoni. Nikamwambia mke wa mwalimu hanuki samaki. Akakitundika kikapu chake jikoni, akaninunia mwezi mzima.

Mwaka huo tuliletewa picha kubwa za wanyama wa baharini. Hakuna mtu pale aliyewahi kuiona bahari, hata mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye picha ya pweza, msichana mmoja akauliza kama mnyama yule angeweza kuhamia nchi kavu. Mwalimu wa siku zile hakusema "sijui". Nikajibu kwa sauti: sisi tuna miguu miwili na tunatembea mpaka Kabambare, mwendo wa siku kadhaa, mwenye minane atashindwaje? Watoto wakaandika kwenye vibao vyao.

Nilirudi na ile picha nyumbani nikamsimulia mke wangu jibu langu kwa majisifu. Akaitazama, mchi mkononi.

"Huyu iko na mifupa?"

"Hana hata mmoja."

"Basi inje ya maji atalala chini kama nguo ya kufua. Na ngozi ikikauka, amekufa. Kambale anajua hata kuvuta hewa, lakini nilikuwa namufunika majani mabichi, namumwangia maji ku kila kijito. Weye ulihesabu miguu tu, Mwalimu."

Nilikasirika, maana nilijua amesema kweli. Padri mkaguzi alikuwa anakuja wiki ileile. Watoto wakilitoa jibu langu, ningeweza kunyang'anywa darasa. Nikilisahihisha, wangejua nililitunga.

Mkaguzi alipofika, kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwa pweza, niliyekuwa nimemrudisha ukutani. Je, anaweza kuishi nchi kavu? Yule msichana akasimama kujibu, amejaa furaha. Sikuweza kumwacha aaibike kwa ajili yangu.

"Padri, jibu atakalolitoa ni langu, na si kweli," nikasema. Nikaeleza yote: mifupa, ngozi, majani mabichi.

Mkaguzi alikuwa amekulia karibu na bahari ya kwao. Akasema pweza hutoka kweli, hujikokota juu ya mawe kutoka dimbwi moja hadi jingine, lakini jua likimkuta njiani amekwisha. Kisha akataka kujua nimeyasoma hayo katika kitabu gani.

Ningeweza kutaja kitabu chochote. Nikasema, "Sikusoma, Padri. Nimefundishwa na mke wangu. Ni muuza kambale."

Walimu wenzangu wakacheka nyuma yangu. Mimi kifua kilinijaa kwa fahari, kuliko siku niliyopewa darasa. Mkaguzi hakucheka. Aliwaambia watoto wafute vibao na waandike jibu la mama yule.

Siku ya soko iliyofuata nilikitungua kikapu mwenyewe, nikamsindikiza hadi mtoni. Wakati wa kurudi nilimpokea mzigo, nikautwika kichwani, tukapita mbele ya shule mchana kweupe. Maji ya majani yalinichuruzika hadi kwenye kaptula.

"Mwalimu, utanuka samaki," akasema.

"Acha ninuke."