Blanketi la Katapila

Mlio wa grinda ya kusagia chuma ulitufikia kabla hatujaliona katapila. Juzi, fundi alipokuwa akichomelea geti la jirani, harufu ya chuma kilichoungua ilinirudisha kwenye mchana ule wa utotoni, milimani Uluguru.

Mkono wa katapila ulikuwa umepasuka, na bila katapila barabara isingefika kwetu kabla ya harusi ya shangazi. Fundi wa katapila alipomaliza kuuchomelea, alimwomba Bibi blanketi la sufu akaufunike. Sikujua kwamba chuma kikipoa ghafla hupasuka tena. Nilidhani katapila limeshikwa na homa.

“Nami nijifunike nini na baridi hii?” Babu alilalamika kitandani, Bibi aliposhika blanketi lake.

“Jifunike usingizi wako!” Bibi akamjibu. “Au unataka mwanao akaolewe akiwa na matope magotini?”

Akamvua blanketi, akatoka, akaubamiza mlango.