Hewa ya Tangi Namba Tatu

Judica Kyaruzi hakuwahi kuwa mtu wa kukaa. Nyumbani kwao Kishanda, wasichana wenzake walipoketi jikoni kumenya ndizi, yeye alimenya amesimama, jicho moja likiwa nje kana kwamba kuna mgeni aliyeahidi kuja. Kanisani baba yake alimwekea mkono begani asije akainuka katikati ya mahubiri. Alipomaliza kidato cha sita na kusema anataka kusomea mambo ya meli, baba, mkulima wa kahawa ambaye ziwa alilitazama kutoka mlimani tu, alimuuliza swali moja.

"Sasa huko melini, mwana wange, utakimbilia wapi?"

 Jibu alikuja kulipata baadaye, alipokwisha kuhitimu Dar es Salaam na kupanda vyeo mpaka kuwa msaidizi mkuu wa nahodha kwenye meli ya mizigo iitwayo Kamachumu: melini kutotulia ni sehemu ya kazi. Mabaharia walimwita Chifu. Walimwona kila saa akivuta kamba kujaribu kama imekaza, akifungua sanduku la maboya ya kuokolea, akinusa chumba cha injini. Wengine walimheshimu kwa hilo. Wengine, Protase akiwa mmoja wao, walisema Chifu ana wasiwasi wa kuku mwenye vifaranga.

Protase aliendesha winchi. Alikuwa mtu wa Rubya, mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na ndiye aliyemleta melini mdogo wake Evarist. Ndugu hao wawili walilala chumba kimoja, na wakitoka likizo walirudi na mkungu mmoja wa ndizi wameushika huku na huku.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili meli ilikuwa imefungwa gatini Kemondo, haina mzigo. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukagua tangi namba tatu. Matangi ya aina hiyo yako chini kabisa. Hujazwa maji meli inaposafiri tupu ili isiyumbe. Namba tatu lilikuwa limekauka na kufungwa kwa miezi mingi. Judica aliwakusanya mabaharia akawaambia mfuniko ufunguliwe, feni ipulize hewa humo mpaka yeye mwenyewe apime, na mtu asiingize hata mguu.

"Lina nini, Chifu?" Evarist aliuliza. "Si tupu?"

"Kutu inakula hewa. Chuma kikipata kutu ndani ya chumba kilichofungwa, hewa tunayovuta inakwisha. Huoni kitu, husikii harufu. Unaanguka tu."

Evarist aliitikia kwa kichwa. Judica akapanda juu kwenda kuongea na nahodha kuhusu saa ya kupakia saruji.

Hakuwa amemaliza maneno aliposikia kelele. Si kelele za kazi. Masikio yake yalijua tofauti. Aliteremka ngazi bila kuzikanyaga vizuri na kumkuta mpishi, mzee Gamaliel, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Spana ilikuwa imemponyoka Evarist wakati wa kufungua mfuniko, ikatumbukia. Feni haikuwa imewashwa bado. Aliiona spana pale chini, karibu kabisa, akasema anashuka mara moja tu. Sasa alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya tangi, tochi yake ikimulika ukuta.

Na Protase alikuwa amekwisha kuingiza miguu yote miwili kwenye tundu.

Judica alimshika ukosi wa shati akavuta. Protase alimsukuma. Judica alimrudia, akamkumbatia kiunoni kutoka nyuma, akapiga ukelele, "Gamaliel, mshike! Mshike mkono!" Mzee alishika. Watatu hao walianguka pamoja kwenye sitaha, na kiwiko cha Protase kikampasua Judica mdomo.

"Ni mdogo wangu!" Protase alilia. "Mwanamke wewe, niache, ni mdogo wangu!"

"Ukishuka unalala juu yake! Nitakuwa na wawili!"

"Niache nilale!"

Hakumwacha. Mabaharia wengine walipofika aliwaamuru wamkalie, nao wakamkalia. Yeye akajiburuta mpaka kwenye tundu akakaa juu yake, damu ikimtiririka kidevuni, akitoa amri: feni iwashwe, bomba lake lishushwe, Josia, fundi wa injini, alete mtungi wa hewa na barakoa yake. Mtungi ulikuwa chumba cha injini, nyuma ya makreti ya soda ambayo mtu fulani aliyaweka hapo kwa muda. Judica alisikia makreti yakiburutwa kule chini, moja baada ya jingine, na kila kreti lilimpita mwilini kama msumeno. Chini yake, kwenye giza, palikuwa kimya.

Josia alivaa, akafungwa kamba, akashuka. Walimtoa Evarist. Walimfanyia yote waliyofundishwa, kwa kupokezana, mpaka gari la wagonjwa likafika, na hata ndani ya gari Judica aliendelea kumkandamiza kifua. Hospitali waliambiwa kile ambacho mikono yake ilikuwa imekwisha kumwambia njiani.

Mazishi yalikuwa Rubya. Nahodha alimshauri asiende, atume rambirambi tu. Judica alikwenda. Protase alipomwona akiingia kwenye kibanja cha kwao alimpa mgongo, na wanaume wawili watatu waliokuwa wamekaa naye wakageuka pia. Yeye alisimama kando ya mgomba, asijue aweke wapi mikono yake, mpaka mama wa marehemu, Annastella, alipotuma aitwe ndani.

Alipiga magoti akamwita mama kwa Kihaya. "Shikamoo, maawe."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemkalia mwanangu mlango?"

Akinamama waliokaa kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni wakageuka kumtazama.

"Ndiyo, waitu," aliitika kwa heshima. "Ni mimi."

"Niambie mwanzo. Hawa wananiambia mwisho tu."

Judica alimweleza. Alitaja spana, kutu, feni, kiwiko cha Protase, makreti ya soda. Hakujipamba wala hakuficha. Mama alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Alipiga kelele?" aliuliza mwishowe.

"Hapana. Hewa ile haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele."

"Na kama ungemwacha huyu mkubwa ashuke?"

"Angeanguka hapo hapo. Wa tatu angemfuata. Ndivyo inavyokuwa."

"Una hakika?"

Swali hilo Judica alikuwa akijiuliza tangu Kemondo. "Ya Protase nina hakika. Ya Evarist, kama mtungi ungekuwa karibu, sijui, maawe. Sijui."

Annastella aliinua macho akamtazama mdomo ulioshonwa. "Siwezi kukushukuru leo," alisema. "Usiningojee. Lakini kula kwanza ndipo uondoke."

Alikula. Kisha akanawa mikono, akaaga.

Protase hakurudi melini. Judica alirudi, na kutotulia kwake kukawa kwa namna nyingine. Mtungi wa hewa aliufunga kwa mkono wake kwenye ukuta wa sitaha, palipo wazi, na aliyetundika hata taulo karibu yake alijuta. Kila mfuniko aliutia kufuli na funguo akatembea nazo. Mazoezi ya kumtoa mtu tangini aliyarudia mpaka Josia akamwambia watu wamechoka. "Wachoke," alijibu. Siku za mapumziko, kwake Bilele, dada yake Joyness alimkuta akifua nguo safi. Alitembea mpaka ufukweni na kurudi, akaenda tena. Akisikia kitu kikiburutwa kwa jirani, alitoka mbio nje.

Mwaka ulikuwa umekwisha kupita simu ilipoita mchana mmoja akiwa nyumbani. Namba hakuijua. Sauti aliijua.

"Chifu. Protase hapa. Sikupigi kwa maneno ya zamani."

"Nakusikia."

Alikuwa sasa anaongoza boti ya chuma iliyobeba dagaa kutoka visiwani, na wametia nanga kwenye mwalo mmoja, ufukwe wa kushushia samaki, upande wa Muleba. Injini iliwaharibikia, wamekaa majini siku kadhaa, na shehena ya magunia imefungwa ndani muda wote. Dagaa walilowa mvua. Wamefungua mfuniko, joto linatoka. Tajiri mwenye mzigo anataka vijana washuke sasa hivi kupakua kabla haujaharibika.

"Mna kipimo cha hewa?"

"Hatuna."

"Basi asishuke mtu. Dagaa waliolowa wanakula hewa kama kutu."

"Tajiri anasema wataoza."

"Waoze! Protase, kaa juu ya huo mlango. Nakuja."

Alipitia melini akaomba kipimo kwa nahodha, akapanda gari la Muleba, kisha pikipiki. Njiani alimpigia simu mara kwa mara hadi Protase akasema, "Chifu, nimekaa. Nimekaa juu yake. Acha kumaliza chaji."

Alimkuta kweli amekaa, miguu ameipanua juu ya mfuniko, na tajiri wa dagaa akimfokea toka ufukweni. Hawakusalimiana kwa mkono. Judica alimpa kipimo, akamwonyesha namna ya kushusha mrija wake, na Protase akaushusha mwenyewe taratibu. Haukufika katikati. Kipimo kilipiga kelele kali hata vijana waliokuwa na mabega wazi tayari kwa kazi wakarudi nyuma.

Tajiri alianza tena. "Hicho kidude tu—"

"Shuka wewe kwanza," Protase alimwambia bila kupandisha sauti. "Mdogo wangu alishuka kufuata spana. Wewe fuata magunia yako."

Tajiri akaketi mchangani.

Walipata feni ya mashine ya barafu, wakapuliza mpaka jua likapungua ukali, wakapima tena, na tena. Vijana waliposhuka walipanda wote, wananuka dagaa walioharibika, wanalalamika. Nusu ya magunia ilimwagwa. Judica aliwatazama wakitoka kwenye tundu, mmoja mmoja, na hakuondoka pale hadi mfuniko ulipofungwa.

Protase alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. 

"Mama huwa anauliza habari zako," alisema. "Anauliza kama bado uko majini."

"Mwambie nipo."

"Nenda umwambie mwenyewe. Rubya si mbali na hapa."

Judica alitazama saa, akatazama barabara. Meli ilikuwa inapakia kesho alfajiri. Alimwambia dereva wa pikipiki awashe, waelekee Rubya.